Ashish Bose na Neno BIMARU: Somo Juu ya Kuhesabu Watu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mhariri aliponiomba niandike somo la mwaka huu alisema niandike juu ya jambo lolote, mradi msomaji apate mafunzo. Nimechagua kuandika juu ya msomi mmoja wa India ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza idadi ya watu. Najua kuna atakayeuliza, "India na Chama cha Kiswahili, wapi na wapi?" Subiri kidogo, ndugu msomaji. Msomi huyu aliunda neno moja la herufi sita, na neno hilo likazungumzwa nchi nzima kwa miaka mingi. Sisi wa chama hiki kila Jumatano twasema kwamba neno lina nguvu. Basi leo tupate ushahidi. Isitoshe, ninayo sababu nyingine ya kuandika, nayo ni deni. Nitalilipa mwishoni.

1. Demografia ni kitu gani?

Kabla ya kumjua fundi tuijue kazi yake. Demografia ni elimu ya kuchunguza idadi ya watu: wangapi wanazaliwa, wangapi wanafariki, wangapi wanahamia na wangapi wanahama. Mambo ni hayo manne tu. Chukua idadi ya watu wa kijiji chenu mwaka jana, jumlisha waliozaliwa na waliohamia, kisha toa waliofariki na waliohama. Utapata idadi ya mwaka huu. Hata mtoto wa darasa la tano ataiweza hesabu hiyo. Ugumu ni kuzipata tarakimu zenyewe, hasa katika nchi kubwa kama India.

Serikali ya Waingereza ilijaribu kuhesabu watu wa India mwaka 1872, lakini hesabu hiyo haikufanywa wakati mmoja kila mahali. Sensa ya kwanza kufanywa kwa pamoja ilikuwa ya mwaka 1881. Tangu hapo hadi 2011, India ilihesabu watu wake kila baada ya miaka kumi. Ile ya mwaka 2021 ndiyo ambayo haikufanyika kwa wakati wake, kwa sababu ya janga la korona.

Hebu tazama tarakimu hizi. Mwaka 1951, katika sensa ya kwanza baada ya uhuru, India ilikuwa na watu milioni 361. Mwaka 1981 walikuwa milioni 683. Mwaka 1991 walikuwa milioni 846. Mwaka 2001 wakawa milioni 1,028, na mwaka 2011 wakafika milioni 1,210. Kati ya 1991 na 2001 peke yake waliongezeka watu milioni 182. Sensa yetu ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata watu milioni 47 na nusu. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi India iliongeza karibu Kenya nne. Ama kweli, ukiwa na shughuli ya kuhesabu kama hiyo, hutakosa kazi.

2. Ashish Bose alikuwa nani?

Ashish Bose alizaliwa mwaka 1930 na akafariki mwezi wa Aprili mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 83. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika Taasisi ya Ukuaji wa Uchumi jijini Delhi, na huko aliongoza kituo cha utafiti wa idadi ya watu. Alipokuwa mzee aliandika kumbukumbu za maisha yake katika kitabu kiitwacho Head Count, yaani kuhesabu vichwa. Kitabu hicho kilitoka mwaka 2010.

Mwanzoni Bose alijulikana kwa utafiti wake juu ya miji. Alichukua tarakimu za sensa tangu mwaka 1901 hadi 1971 akachunguza jinsi miji ya India ilivyokua. Hapa pana funzo la kwanza, nami naomba mliokuwa mkisinzia muamke. Mwaka 1901, katika kila watu 100 wa India, karibu 11 ndio walioishi mijini. Mwaka 1971 walikuwa karibu 20. Ukitazama hivyo utasema miji ilikua kwa mwendo wa kobe, kwani miaka sabini ilipita na sehemu yake haikufika hata mara mbili. Lakini ukihesabu watu wenyewe, wakazi wa mijini walitoka karibu milioni 26 hadi milioni 109. Hiyo ni zaidi ya mara nne! Maji, nyumba na vyoo havijengwi kwa asilimia, vinajengwa kwa watu. Kwa hiyo mtu akikupa asilimia, muulize, "Ni asilimia ya wangapi?"

3. Neno BIMARU

Sasa tufike penye mzizi wa somo. Katikati ya miaka ya 1980 Waziri Mkuu wa India alikuwa Rajiv Gandhi. Bose alimwandikia waraka kuhusu hali ya idadi ya watu nchini. Wakati huo ilikuwa desturi kuizungumzia India yote kwa wastani mmoja: wastani wa uzazi, wastani wa vifo, wastani wa kujua kusoma. Wastani ni jambo zuri, lakini waweza kukudanganya. Mkiwa wawili, mwenzako akala chapati mbili nawe usile hata kipande, kwa wastani kila mmoja wenu amekula chapati moja. Tumbo lako, hata hivyo, halijui wastani.

Bose alionyesha kwamba majimbo manne makubwa ya kaskazini yalikuwa nyuma ya mengine kwa kila kipimo. Majimbo hayo ni Bihar, Madhya Pradesh, Rajasthan na Uttar Pradesh. Akachukua BI ya Bihar, MA ya Madhya Pradesh, R ya Rajasthan na U ya Uttar Pradesh. Akapata BIMARU. Kumbe katika Kihindi neno "bimar" lina maana ya mgonjwa! Yaani kwa kuunganisha herufi tu, alisema kwamba sehemu hii ya nchi inaumwa.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba neno la namna hiyo huitwa akronimu. Katika Kiswahili tunalo neno UKIMWI, lililotokana na Ukosefu wa Kinga Mwilini. Tofauti ni kwamba BIMARU lina masikio mawili. Sikio moja lasikia majina ya majimbo, la pili lasikia ugonjwa. Ndiyo maana halikusahaulika.

Je, ugonjwa wenyewe ulikuwa upi? Msidhani kwamba Bose alisema watu wa huko wana kasoro. Ugonjwa ulikuwa ni kukosa. Wasichana hawakupelekwa shule. Waliolewa mapema. Zahanati zilikuwa chache na watoto wachanga walifariki kwa wingi. Mzazi asiyejua kama mtoto wake atafikisha miaka mitano huzaa wengine, ili angalau mmoja au wawili wabaki. Kwa hiyo vifo vingi na uzazi mwingi hufuatana kama kivuli na mwenyewe.

Sensa ya mwaka 1991 ilidhihirisha jambo hili. Katika jimbo la Rajasthan, kati ya kila wanawake na wasichana 100 wenye umri wa miaka saba au zaidi, waliojua kusoma na kuandika walikuwa 20 tu. Katika jimbo la Kerala, kule kusini, walikuwa 86. Nchi ni moja, bendera ni moja, lakini mmoja anasoma barua yake mwenyewe na mwingine anatafuta wa kumsomea. Sasa linganisha na uzazi. Uchunguzi wa kitaifa wa 1992 na 1993 ulionyesha kwamba mwanamke wa Uttar Pradesh alikuwa akizaa wastani wa watoto karibu watano, na wa Kerala watoto wawili. Kerala haikuwa tajiri. Ilikuwa na shule na zahanati, na wasichana wake walisoma.

Wakati huo majimbo hayo manne yalikuwa na watu karibu 40 kati ya kila 100 wa India. Kwa hiyo mtu hangeweza kusema, "Hilo ni jambo la pembeni." Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Bose hakutaka kuficha maradhi.

4. Neno la pili: DEMARU

Baadaye Bose aliunda neno jingine, nalo lanitia baridi hata ninapoliandika. Neno hilo ni DEMARU. Mwanzo wake umetokana na neno la Kiingereza la binti, na "maru" ni kuua. Alilitumia kwa majimbo ambayo mabinti walikuwa wakipungua kwa sababu hawatakiwi, kama vile Punjab na Haryana.

Ili tuelewe, tujifunze hesabu moja iitwayo uwiano wa kijinsia wa watoto. Twahesabu wasichana wenye umri wa chini ya miaka saba, twawagawanya kwa idadi ya wavulana wa umri huo, kisha twazidisha kwa 1,000. Tuseme chekechea fulani ina wavulana 24 na wasichana 18. Gawanya 18 kwa 24, zidisha kwa 1,000, jibu ni 750. Maana yake, kwa kila wavulana 1,000 kuna wasichana 750.

Kwa kawaida duniani wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, kama 105 kwa kila wasichana 100. Kwa hiyo tungetarajia wasichana wapatao 950 kwa kila wavulana 1,000. India mwaka 1991 ilikuwa na 945. Mwaka 2001 ilikuwa na 927. Mwaka 2011 ilikuwa na 919. Sasa ingia Punjab mwaka 2001: wasichana 798! Haryana walikuwa 819. Wengine walikuwa wapi? Wengi hawakuzaliwa kabisa. Mashine za kupiga picha ya mimba zilitumiwa kujua jinsia, na mimba ya msichana ikatolewa. Bunge la India lilipitisha sheria mwaka 1994 ya kuzuia kupima mimba kwa nia ya kujua jinsia, lakini sheria ni jambo moja na siri ya chumbani ni jambo jingine.

Jambo la kushangaza ni kwamba Punjab na Haryana hazikuwa maskini. Ni majimbo yenye ngano nyingi na matrekta. Hapo ndipo twajua kwamba pesa peke yake si dawa. Mwenye pesa ndiye aliyeweza kulipia kipimo. Kisha kuna desturi ya mahari. Kwetu upande wa mume ndio unaotoa mahari. Kule, mara nyingi, upande wa msichana ndio unaotoa mali kwa kina mume, ingawa sheria ya mwaka 1961 ilikataza. Mzazi akiona binti anazaliwa huona gharama inaingia mlangoni, na mvulana akizaliwa huona mlinzi wa uzee wake.

Ndugu msomaji, usiseme haraka, "Hao ni wao." Sisi kwetu tu wasichana wanne, nami ndimi kitinda mimba. Nakumbuka shangazi mmoja alimwambia mama mbele yetu, "Mama, usikate tamaa, tafuta mvulana." Alisema hivyo nikiwa nimemshikia kikombe cha chai. Baba akamjibu, "Dada, hawa ni watoto, si majaribio." Hatuna mashine ya kupiga picha kwetu, lakini maneno ya namna ile tunayo.

5. Kutoka idadi hadi watu

Mwaka 1988 Bose alitoa kitabu kiitwacho From Population to People. Mimi nimeamua kukitafsiri hivi: Kutoka Idadi hadi Watu. Jina hilo lenyewe ni somo. Kuna wakati serikali huona tarakimu ikasahau kwamba kila tarakimu ina jina na mama.

India ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi mwaka 1952, kabla ya nchi nyingine zote duniani. Lakini wakati wa utawala wa hali ya hatari, tangu 1975 hadi 1977, mambo yaliharibika. Maofisa walipewa idadi ya watu wa kufungwa uzazi, nao wakaifukuzia kama sisi tunavyofukuzia alama. Katika mwaka mmoja, 1976 hadi 1977, zaidi ya watu milioni 8 walifungwa uzazi, na wengi walilazimishwa. Wananchi walikasirika, na katika uchaguzi wa mwaka 1977 serikali ile ikaanguka. Baadaye hata neno la kupanga uzazi likawa la kuogopwa vijijini. Ilichukua hadi mwaka 1996 kwa serikali kuacha ule mtindo wa kuwapa wafanyakazi wa afya idadi ya watu wa kufikisha.

Bose alitembea vijijini akazungumza na watu. Hakuridhika na makaratasi ya ofisini. Mwanamke akiwa na watoto sita, karatasi itasema sita. Haisemi kama aliwataka sita, au kama zahanati iko mbali, au kama wawili walifariki na yeye akaogopa.

Jambo hili nililielewa kwa macho yangu. Mwezi wa Agosti mwaka 2019, wakati wa sensa yetu, nilikuwa na miaka kumi. Karani alikuja usiku na tochi na ile tabuleti yake. Tukampa kiti. Akamwuliza mama, "Umezaa watoto wangapi kwa jumla, walio hai na wasio hai?" Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Watano." Mimi nilifungua mdomo nimsahihishe, maana nilijua tuko wanne. Dada yangu mkubwa akanifinya. Karani akauliza, "Walio hai?" Mama akasema, "Wanne." Karani akabonyeza, akaendelea na swali la paa na la choo. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa na kaka aliyeishi siku tisa kabla sijazaliwa. Katika vitabu vya serikali yeye ni tofauti kati ya tano na nne. Kwa mama ana jina. Nami tangu siku ile nikiona tarakimu za vifo vya watoto wachanga, sizipiti haraka.

6. Je, Bose alikosea?

Mgala muue na haki umpe. Neno BIMARU lilisaidia, lakini pia liliumiza. Lilisaidia kwa sababu serikali haikuweza tena kujificha nyuma ya wastani. Watu walijua ni wapi shule na wakunga wanahitajika zaidi. Liliumiza kwa sababu lilitoka katika waraka likaingia barabarani. Watu wa Bihar wanaokwenda kutafuta kazi Delhi na Mumbai wametukanwa kwa sababu ya kwao tu. Mtu hakuchagua kuzaliwa jimbo fulani, lakini ataitwa mgonjwa kabla hajafungua mdomo.

Vilevile jambo hili lina siasa ndani yake. Viti vya Bunge la India hugawiwa kulingana na idadi ya watu. Majimbo ya kusini yaliyopunguza uzazi yaliogopa kupoteza viti, na yale yenye watu wengi yapate zaidi. Ingekuwa kama kumwadhibu aliyefanya vizuri. Ndiyo maana mwaka 1976 katiba ilibadilishwa ili mgawo ule ufuate sensa ya 1971, na baadaye muda huo ukaongezwa hadi sensa ya kwanza baada ya mwaka 2026. Bose mwenyewe aliendelea kuonya kwamba pengo kati ya kaskazini na kusini linazidi kupanuka.

Lakini hebu tumtazame mgonjwa leo. Mwaka 2000 majimbo matatu kati ya yale manne yaligawanywa, yakazaliwa Chhattisgarh, Jharkhand na lile ambalo sasa huitwa Uttarakhand. Kisha uchunguzi wa kitaifa wa 2019 hadi 2021 ulipata kwamba mwanamke wa India huzaa wastani wa watoto 2.0. Rajasthan ilikuwa 2.0. Madhya Pradesh 2.0. Uttar Pradesh, ambayo ilikuwa karibu 5, ilikuwa 2.4. Bihar ndiyo iliyobaki juu, nayo ilikuwa 3.0. Hata Punjab uwiano wa wasichana ulipanda kutoka 798 mwaka 2001 hadi 846 mwaka 2011. Haujafika panapofaa, lakini umepanda.

Kwa hiyo mgonjwa anapata nafuu, na mahali pengine ameshapona. Basi aendelee kuitwa mgonjwa? La hasha! Daktari mwema huandika jina la ugonjwa ili autibu, na mtu akipona hulifuta. Atakayeendelea kumwita mtu kwa jina la ugonjwa alioponya huyo si daktari tena.

Kwetu Kenya pia tulikuwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto karibu wanane, idadi iliyokuwa miongoni mwa za juu kabisa duniani. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 3.4. Bibi zetu hawakuwa wajinga na mama zetu hawakuzaliwa na akili mpya. Shule na zahanati ndizo zilizoongezeka.

7. Deni langu

Sasa nilipe deni. Habari za BIMARU nilizisoma maktabani mwaka huu, muhula wa kwanza. Niliona ni mchezo mzuri wa maneno, na wanachama wengi wanajua napenda kuchezea maneno. Muhula wa pili, matokeo ya mtihani yalipobandikwa ukutani, niliwatazama wanafunzi wanne waliokuwa mkia katika mkondo wetu. Nikachukua herufi za mwanzo za majina yao, nikaongeza irabu mbili, nikapata neno. Lilikuwa tamu mdomoni, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Kufikia mapumziko ya saa nne darasa zima walikuwa wakiliimba. Kufikia Ijumaa hata kidato cha kwanza walilijua. Neno lenyewe sitaliandika hapa, na anayelikumbuka namwomba alisahau.

Mmoja wa wale wanne hakuja shule siku nane. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, mtu asipokuja husemwa labda ni karo. Mimi nilijua si karo peke yake. Siku ya tisa nikaenda kwao. Nilimkuta akikaanga mandazi, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu, na wadogo zake wawili walikuwa wakingoja wavalishwe. Alikuwa ameamka saa kumi za usiku. Daftari lake la Hesabu lilikuwa juu ya debe la unga, nalo halikuwa tupu. Nilisema, "Pole." Aliniangalia akasema, "Wewe uliniandika kwa herufi moja."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko kitabu chochote. Bose aliunda neno baada ya kutembea na kuuliza. Mimi niliunda neno bila kuuliza hata swali moja. Bose alimwandikia mtu aliyekuwa na dawa, yaani Waziri Mkuu. Mimi niliwaandikia wenye kucheka. Neno moja lilisema, "Hapa pana ugonjwa, leteni daktari." Langu lilisema, "Hawa ni wagonjwa, wakimbieni." Akronimu zilikuwa za aina moja, lakini kazi zake hazikufanana.

Mwenzangu alirudi shule wiki iliyofuata. Jumamosi huwa tunasoma pamoja kwao, yeye akinifundisha jinsi ya kukata mandazi yalingane, nami nikimsaidia kwa Hesabu. Mtihani uliopita alipanda nafasi sita. Makala haya aliyasoma kabla sijayapeleka kwa mhariri, akaniruhusu yachapishwe, na juu ya hayo akanisahihisha upatanisho wa kisarufi mahali pawili. Kwake na kwa wale watatu, hapa mbele ya shule nzima, naomba msamaha.

8. Maswali ya kujipima

(a) Eleza mambo manne yanayobadilisha idadi ya watu wa mahali.

(b) Darasa la watoto wadogo lina wavulana 25 na wasichana 20. Tafuta uwiano wa kijinsia. (Jibu: 800.) Je, uwiano huo unatosha kutuambia sababu? Toa maoni yako.

(c) Kwa nini wastani wa nchi nzima waweza kuficha shida ya sehemu moja? Toa mfano usiokuwa wa chapati.

(d) "Neno BIMARU lilisaidia kuliko lilivyoumiza." Jadili. Hili naomba liwe hoja ya mjadala wetu wa kwanza muhula ujao.

(e) Unda akronimu ya Kiswahili itakayomsaidia mtu. Kabla ya kuitangaza, msomee kwanza yule inayemhusu.